Nilimfokea nesi kwa ajili ya mrija wa damu

Wakuu, hamjambo humu. Haya yalinipata mwenyewe Malindi, sijatia chumvi hata punje.

Dada yangu Kadzo alijifungua salama, kisha damu ikamtoka nyingi mno. Tulipofika wodini na mama, midomo yake ilikuwa myeupe, anatutazama kama hatujui. Daktari akasema aongezewe damu haraka.

Damu ilipatikana. Mirija ya kuipitisha ndiyo iliyokuwa imekwisha, tukaambiwa tukanunue duka la dawa.

Nikacheka kimoyomoyo. Mama yangu hatupi kitu. Baba alipolazwa mwaka jana, mrija mmoja ulibaki na mama akarudi nao nyumbani kwetu Adu. Siku hiyo alikuwa nao mkobani, karatasi yake haijafunguliwa. Sisi tukienda hospitali twabeba nyumba nzima, hadi sufuria.

Nikampelekea nesi kwa mbwembwe.

Akaugeuza, akanirudishia. "Kaka yangu, huu ni wa dripu ya maji. Damu siipitishi hapa. Nitafutie wa damu, wenye chujio."

Wakuu, nilipandwa na hasira! Mrija si mrija tu? Dada anakwisha, mtu ananiletea habari za chujio kama tunapika chai. Nikamwambia ana roho mbaya, wodi nzima ikisikia.

Akasema, "Utanitukana ukirudi. Sasa kimbia."

Nikakimbia, nikarudi nao. Huu ulikuwa na kichupa kipana juu, na ndani yake wavu mwembamba sana. Damu ikaanza kushuka, tone kwa tone. Mimi na mama tukakaa pale tukiitazama.

Mfuko ulipokwisha, nesi akaniita. "Njoo uone."

Kwenye ule wavu palikuwa na vidonge vya damu iliyoganda, vidogo kama ufuta.

"Hivi vingeingia mwilini mwa dada yako."

Kitu kidogo hivyo, nami nilikidharau! Hadi leo nikikumbuka nastaajabu.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza, "Mlete mtoto, mamake anamwita."

Nikageuka. Kadzo alikuwa amenyoosha mikono.

Nilichojifunza: nesi akikukatalia kitu, muulize sababu kabla ya kufoka. Na nyinyi, mmewahi kumtukana mtu anayewaokolea ndugu? Semeni, nisione haya peke yangu.