Rupia za Kisima Mbele ya Jeneza

Saa tatu kasorobo asubuhi jeneza la akida lilitolewa uani likawekwa barazani kwake, hapa Lindi. Mwanawe mkubwa akasimama kusema yale ambayo wafiwa wetu husema kabla ya mazishi: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, deni analichukua yeye.

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu kabla ya vita vya Maji Maji.

Akida huyo, aliyewekwa na Wajerumani kutukusanyia kodi, alitoza mtaa wetu wa Rasbura rupia moja kila nyumba, mbali na kodi yenyewe, ili tuchimbiwe kisima. Nyumba zilikuwa mia moja na themanini, nilizihesabu mwenyewe. Kisima hakikuchimbwa. Ukimuuliza, fedha ziko Boma; ukienda Boma, askari wa mlangoni anakurudisha kwa akida. Baba yangu alisimama kwenye baraza la mji akataka matumizi yaelezwe mbele za watu. Akida akacheka. "Mzee, una kiu sana. Boma watakunywesha." Kesho yake baba alilazwa kifudifudi akachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Nilimwosha mgongo kwa maji ya kununua.

Basi nilisimama. Nikasema marehemu anadaiwa na mtaa rupia za kisima, nikataja jumla. Watu waliokwisha kujiandaa kuitikia "tumesamehe" wakageuka kunitazama. Baba, aliyeketi nyuma yangu, akanivuta kanzu.

"Kaa, mwanangu. Mimi nimekwisha kusamehe."

"Viboko ni vyako, baba, samehe. Rupia ni za watu."

Mwana wa akida alisema hayo ni mambo ya serikali, yaulizwe Boma. Imamu akamjibu kwamba Boma haliingii kaburini na baba yake. Hapo mvuvi mmoja mzee akanyanyuka.

"Mimi alinitoza mbili. Ya nyumba ya mke mkubwa, na ya nyumba ya mke mdogo."

Watu wakacheka mbele ya maiti. Nami nikacheka, wala sijajuta. Wakaanza kusimama mmoja mmoja, kila mtu akidai ya nyumba yake. Jua likapanda, jeneza lipo palepale, na yule mwana mara alitazame, mara atutazame sisi. Mwishowe akakubali: aliyesimama atalipwa, asiyesimama hana dai.

Aliuza minazi ya baba yake, akalipa kwenye kibaraza cha msikiti, mkono kwa mkono, kila jina likitajwa kwa sauti. Niliketi mbele kabisa ili anione. Fedha hizo tulizichanga tena, tukachimba kisima wenyewe.

Zilirudi rupia mia moja na arobaini na mbili. Wenye nyumba nyingine walikuwa wamekufa vitani au katika njaa iliyofuata, na siku ile hapakuwa na wa kuwasimamia. Nilirudi kwa yule mwana kuwadaia, akanifungia mlango. Hizo sijamsamehe yeye wala baba yake: rupia thelathini na nane.