Sehemu ya Pili ya Emedua

Watu wa Asaba wakimtaja Emedua siku hizi wanasema "yule wa filamu", kana kwamba alizaliwa ndani ya televisheni. Mimi nilimjua akiwa fundi cherehani, mpangaji wangu wa chumba cha karibu na kisima. Tena ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe, maana mimi ndiye niliyewapikia watu wa filamu tangu walipoanza kuuhamia mji wetu na kamera zao. Wamejaribu wapishi wengine. Wakarudi kwangu.

Alitoka Ubulu-Uku, kijana mwembamba wa vidole virefu, mpole wa kusema. Alishona blauzi za wanawake, na mwanamke aliyevaa mshono wake alitembea kama ametawazwa. Aliishi na mwenzake, Obiora, muuza vipuri vya pikipiki. Walipikia chungu kimoja, walilala chumba kimoja, na Obiora akichelewa sokoni Emedua hakutia tonge kinywani. Mimi nimezaa watoto saba na nimemzika mume. Sikuhitaji kuambiwa. Sikuuliza, nao hawakusema, na ua wetu ulikuwa na amani.

Wakati ule watu walikuwa wameanza kuchoshwa na filamu za wachawi na mama wakwe. Ezenduka, mfanyabiashara wa sidii za filamu kutoka Onitsha, ng'ambo ya mto, ndiye aliyegundua kwamba ukiweka kwenye bango wanaume wawili na shuka moja, wapita njia wanasimama. Wanalaani, wanatema mate, halafu wananunua. Wenzake walimcheka mwanzoni. Baadaye kila duka likataka filamu ya namna hiyo.

Hiyo ya kwake aliiita "Kitanda cha Wakubwa". Ilikuwa habari ya tajiri anayewanasa vijana wa kiume kwa magari na saa za dhahabu. Waigizaji wenye majina waliikataa. Kijana waliyempata, alipoiona shuka, alisema anakwenda msalani, na hadi leo hajarudi. Emedua alikuwa amekuja kuleta mashati aliyoagizwa. Mwongozaji akamtazama juu mpaka chini.

"Fundi, vua viatu ukae hapa kitandani. Ni vipande vichache tu vya filamu."

Niliacha mwiko sufuriani, nikamvuta pembeni.

"Emedua, mwanangu, usikae pale."

"Mama Isioma, ni kuigiza tu. Yule aliyeigiza mchawi juzi, si bado unampakulia?"

"Mchawi wa filamu nyumbani kwake hana mchawi mwenzake chumbani."

Kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyeshikwa na mzazi, akavua viatu.

Kwetu filamu haimaliziki kwenye sidii moja. Hukatwa katikati. Sehemu ya Kwanza mwovu anastarehe, Sehemu ya Pili anaadhibiwa, na wanunuzi wanalijua hilo kama wanavyojua kwamba baada ya kiangazi kuna mvua. Zote mbili zilipigwa kwa mkupuo mmoja. Katika ile ya pili Emedua analia, anatubu, mchungaji anamwekea mikono, anaoa. Alinihakikishia mwenyewe akiniminyia majani machungu ya supu: "Wakishaona nimeokoka, Mama, watanisahau."

Sehemu ya Kwanza ikatoka. Sijapata kuona kitu kinauzika vile. Ilimalizika Onitsha, ikaletwa tena, ikamalizika tena. Kila kinyozi wa barabara yetu aliiwasha asubuhi na kuizima jioni. Na kwenye bango, uso mkubwa kuliko wote haukuwa wa tajiri. Ulikuwa wa Emedua, macho yamelegea, bega wazi.

Mwanzoni ilikuwa mizaha. Wanawake walijaa kibandani kwake kumwangalia kwa karibu. "Fundi, nipime vizuri, najua kwako niko salama!" Wanacheka, naye anacheka. Vijana wa stendi ya pikipiki wakamwita kwa jina la kwenye filamu. "Desmond! Bwana mkubwa hajambo?" Anapunga mkono.

Halafu Sehemu ya Pili haikutoka. Wiki zikapita, ikawa miezi. Kila aliyeitazama filamu ile alimwona Emedua akinywa, akivaa, akicheka, na picha ya mwisho ni yeye usingizini kwenye shuka nyeupe. Adhabu hawakuiona. Nilihisi mtaa unabadilika, kama unavyohisi hewa kabla vumbi la kaskazini halijafika. Vicheko vikapungua. Wanawake wakaja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa. Vijana wa pikipiki wakaacha kuita. Sasa akipita wananyamaza wote kwa pamoja, wanamtazama mpaka akate kona.

Siku moja kiongozi wao, Nwanze, kijana niliyempokea mimi mwenyewe mama yake alipomzaa, alisimama mlangoni kwangu.

"Mama Isioma, hawa wawili wanalala chumba kimoja?"

"Chumba ni changu, nimepangisha."

"Kitanda ni kimoja au viwili?"

"Nwanze, nilikuosha ukiwa na damu ya mama yako. Leo umekuja kunihesabia vitanda?"

Aliondoka. Lakini alipofika kwenye chumba chao alisimama, akakitazama kidirisha muda mrefu.

Obiora alitaka wahame hapohapo. Emedua akakataa. "Tukikimbia tumekiri. Ikitoka tu ya pili, yataisha." Akanishika mkono, tukavuka mto kwenda kwa Ezenduka. Tulimkuta dukani, maboksi yamefika darini.

"Oga, mkubwa wangu, itoe Sehemu ya Pili," Emedua alisema. "Nakuomba. Watu wanangoja niadhibiwe."

"Wanangoja, ndiyo maana wananunua." Ezenduka alikuwa akila njugu. "Ya kwanza ikiwa bado inakwenda, ya pili inakaa. Hata ungekuwa ndugu yangu tumbo moja."

"Naogopa mtaani kwangu."

Hapo Ezenduka akaacha kutafuna. Alimtazama kama mtu aliyepewa wazo.

"Kusema kweli ile ya pili siitaki tena. Nimezunguka mpaka Aba, wenye maduka wote wananiambia jambo moja. Huyu kijana akiokoka tu, watu watanirudishia sidii. Watu wa kuombewa wameshawaona sana. Wanataka wamwone anakamatwa na mtaa." Akajipangusa mikono. "Tutapiga mwisho mpya. Kwenu kulekule, na watu wa kwenu. Wakupige kidogo kwenye filamu, roho zao zipoe. Wewe mwenyewe ndiye unayetaka yaishe."

Njia nzima ya kurudi nilimwambia asikubali. Nyumbani Obiora alimpigia magoti. Lakini Emedua alikuwa ameshikilia jambo moja tu, kwamba watu wakiiona adhabu kwa macho watashiba. Nimefikiri sana juu ya hilo. Ni kosa la mtu aliyekaa karibu mno na kamera.

Watu wa filamu wakaja mchana, uwanja wa nyuma ya soko la muhogo. Umati uliajiriwa papo hapo: vijana wa pikipiki, na malipo yao ni sahani ya wali na soda. Wali niliupika mimi. Niliwapakulia mmoja mmoja, na hakuna aliyenitania. Kijana anayekula bila utani simwamini. Nwanze alikula akiwa amesimama, akimwangalia Emedua anavyopakwa rangi nyekundu kichwani.

Vifaa vilikuwa tairi kuukuu, fimbo nyepesi, na dumu la maji ya kuigiza petroli. Dumu lile nililijaza mwenyewe kutoka pipa langu la maji ya kupikia.

Mwongozaji akapiga kelele waanze. Wakamkimbiza, wakamwangusha, fimbo zikashuka. Emedua akalia kama alivyofundishwa. Halafu akalia vingine. Mimi nimesikia watu wakilia kwa namna nyingi, hizo mbili sizichanganyi.

"Basi! Kata!" mwongozaji akaita. "Jamani, nimesema kata!"

Hakuna aliyekata. Fimbo zile nyepesi zilikuwa zimekwisha kuvunjika, sasa vilikuwa vipande vya mbao za vibanda. Tairi likapita juu ya vichwa. Kijana mmoja akanipita mbio na dumu, na nikasikia harufu. Yale hayakuwa maji yangu.

Sikumbuki nilivyofika katikati. Nakumbuka nimemlalia Emedua, mwiko bado mkononi, nikiwataja mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Dumu halikushuka. Nikasimama, nikashika fundo la kitenge changu.

"Nwanze! Njoo karibu uone ulikotoka! Nafungua, na atakayeona asinililie baadaye!"

Kwetu mjane mzee akiwavulia vijana nguo, hakuna mchungaji wala mganga wa kuifuta laana hiyo. Wakarudi nyuma. Mmoja akaziba macho, mwingine akakimbia, na dumu likaachwa linamwagika mchangani. Nwanze ndiye aliyeondoka wa mwisho, kwa kinyumenyume, amenitazama usoni ili asiangalie chini.

Nilipogeuka kuomba gari, nikaona taa nyekundu ya kamera inawaka. Ezenduka alikuwa amemshika mpiga picha bega. "Endelea," alikuwa akimwambia. "Endelea, usizime."

Obiora alimbeba Emedua kabla jua halijazama. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika pabaya, ule wa kukatia vitambaa. Walikokwenda najua mimi peke yangu.

Sehemu ya Pili ikatoka upesi sana safari hii. Wameiwekea ngoma. Mle ndani mimi nipo, naingia nikikimbia, mwiko juu, na kwenye bango wameniweka karibu na moto ambao haukuwashwa. Imeuzika kuliko ya kwanza. Sokoni wananishika mikono: "Mama, umeigiza! Hata mimi niliogopa!" Vijana wa pikipiki wanaisimamisha kwa kinyozi pale wanapoonekana nyuso zao, wanaonyeshana. Mama yake Nwanze ameinunua.

Ezenduka amekwisha kuja uani mara kadhaa. Anakaa, anasifu supu yangu. "Wateja wanauliza yule uliyemwokoa aliishia wapi. Wanataka Sehemu ya Tatu. Nitajie mji tu, Mama, mengine niachie." Nikamjibu sijui. Akasema hana haraka, atauliza kwingine.

Jana alikuja mwanamke nisiyemjua, kwapani ana kitambaa. Anatafuta fundi wa blauzi, yule mwembamba, ameambiwa mimi ndiye ninayejua alikohamia. Kitambaa kilikuwa kipya, hata karatasi ya duka haijabanduliwa. Nikamuuliza anataka mshono gani. Akasema wowote tu. Alikuwa akiangalia kidirisha cha chumba cha karibu na kisima, na nje ya lango mtu alikuwa akimngoja, pikipiki inanguruma.