Mfungwa Aliyemfundisha Juniper

Jirani yangu wa seli, hapa gerezani Kansas, ana viganja vikubwa kama sepetu na sauti ambayo zamani ilisikika uwanja mzima. Tangu aletewe Juniper, mbwa jike mweusi anayefundishwa naye kumhudumia mtu asiyeweza kutembea, sauti hiyo imeshuka ikawa mnong'ono. Huangusha kijiko chini, husubiri, na Juniper akimwokotea humkuna nyuma ya sikio. Kisha hukiangusha tena.

"Mzee, siku hizi unabembeleza kama yaya!" wenzetu humtania.

"Na wewe ungebembelezwa, usingekuwa humu," hujibu bila kuinua kichwa.

Juzi alikuja Bi Lorraine, mwanajeshi mstaafu aliyepoteza miguu vitani, kumchukua mbwa wake. Akamwita kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Juniper akamtazama jirani yangu, asisogee. Bi Lorraine akamwita tena, wapi! Mbwa asiyemwitikia mwenye shida hapewi mtu, na sote ukumbini tulilijua hilo. Jirani yangu akageuka polepole, akampa Juniper mgongo, akakaza macho ukutani. Bi Lorraine akaita mara nyingine. Juniper akajongea, akasimama kidogo katikati ya ukumbi, kisha akamwendea Bi Lorraine, akalaza kichwa kwenye mkono wa kiti. Wakatoka pamoja.

"Kaenda?" jirani yangu akaniuliza, bado kaelekea ukuta.

"Kaenda."

"Mkia je?"

"Alikuwa anautikisa, kaka. Mpaka mlangoni."

Ndipo alipogeuka.