Skrini ilimruka mwenye shughuli

Admin, jina langu lifiche, Jang'ombe nzima inanijua. Mimi mwanamme wa miaka hamsini na moja, skuli niliachia njiani, lakini mashine haijanishinda. Redio ya gari iliyozama Fumba nliikausha juani ikaimba, na samaki mdogo akatoka ndani mzima! Ukumbi mmoja wa arusi Kiembe Samaki, muziki na skrini ni mkono wangu.

Mtoto wa kaka yangu, nimwite Mwanaidi, alipewa kazi na mwenye ukumbi: skrini isome faili na itaje majina ya wageni na ya mwenye shughuli. Programu ya skrini ina lugha yake ndogo ndani ya kuipa amri, na lugha hiyo imekuja na amri zake za kusoma faili. Mwanaidi akazitumia hizo hizo, kamaliza.

Nikamcheka mbele ya tajiri wake, yule mwenye ukumbi. "Ndo kazi hiyo? Umeazima tu!"

"Ami, ukipika pilau ya arusi, sufuria unaunda mwenyewe au unachukua ya mtaa?"

Tajiri akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kile nikaenda nacho nyumbani.

Siku ya arusi, kabla watu hawajafika, nikafuta amri zake nikaweka msomaji wangu, yaani amri za kusoma faili nilizozitunga mwenyewe kwa kutazama video. Majina yakatiririka, nikajipigia makofi. Kumbe msomaji wangu husubiri mstari ufungwe kwa kitufe cha Enter ndipo ausome, na mstari wa mwisho haukufungwa; amri za Mwanaidi zingeusoma hivyo hivyo. Nanyi mnajua, kwetu wageni mbele, mwenyeji nyuma. Aliyerukwa ni baba wa bibi arusi.

"Shughuli yangu, pilau yangu, jina langu liko wapi? Nshakuwa mpita njia?"

Tajiri akamfukuza Mwanaidi pale pale, mbele za watu. Mimi bingwa nilikuwa nyuma ya spika, nimeshikilia waya usio na kazi. Ukumbi ulipokuwa mtupu nikarudisha amri zake kama zilivyokuwa.

Tangu hapo anaikagua kazi yake, kosa halioni. "Ami, labda kweli sijui kitu," kanambia jana, macho yamevimba. "Kompyuta nnaiuza. Lakini kwanza nipeleke kwa yule mzee aliyerukwa nikamuombe radhi. Wewe ndo mtu wa maneno."

Nimeitikia. Ijumaa baada ya sala tunakwenda. Nikisema, nimevuliwa nguo mtaa mzima. Nikinyamaza, mtoto anaomba radhi ya kosa langu, mimi nimekaa ubavuni pake na kanzu nyeupe. Jamani, mdomo wangu huu haujawahi kukosa neno. Leo nipeni nyinyi: kwa yule mzee nianze na lipi?