Server ilisema Bombo hawakuchimba mtaro, na jina la Mama Mkubwa lilikuwemo kwenye faili

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nimepita kwenye ule uzi wa kijana anayelalamika kwamba ameingiza mafaili kwenye server ya ripoti kwa command, server imejibu safi kabisa, hakuna error hata moja, halafu bosi wake kaikataa ripoti. Naona mmemshukia kama mwewe. Mara format, mara version, mara afute kila kitu aanze upya.

Mmekimbilia mbali, wakuu. Ngoja niwape yaliyonikuta mimi. Ni ya kweli yote, na kwa umri huu nikiwadanganya nitapata faida gani?

Ilikuwa Same, miaka ya tisini ikielekea ukingoni.

Waliokuwepo wanakumbuka hali. Mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, mashamba ya mkonge kule tambarare yamedorora, watu wanapunguzwa kazini makundi kwa makundi. Biashara zimefunguliwa, ukipita Hedaru unaona maduka yamejaa bidhaa mpaka barazani, lakini mfukoni mwako hakuna kitu. Unaangalia tu, unasalimia, unapita.

Na mimi nilipunguzwa. Nilikuwa kwenye shirika moja kule Moshi, nikarudi Same na begi la nguo na ujuzi mmoja tu: kompyuta.

Na niliijua, nasema bila haya. Siyo hizi zenu za kubofya bofya. Nazungumzia ile screen nyeusi, unaandika command kwa mkono, ukikosea nukta moja inakujibu kwa dharau. Pale mjini waliokuwa wanaiweza walikuwa wa kuhesabu, na mimi nilikuwa wa kwanza. Sibishani na mtu kwenye hilo.

Basi nikapata kazi kwenye mradi wa maji.

Mradi ulikuwa unafufua ndiva, yale mabwawa ya asili ambayo Wapare wamekuwa wakikinga maji ya kumwagilia tangu enzi za mababu, na kuvuta maji ya bomba mpaka vijijini. Masharti yalikuwa rahisi. Kijiji kinachimba mtaro kwa nguvu zake, mradi unaleta mabomba. Tatizo ni kwamba mabomba hayakutosha vijiji vyote. Kijiji kilichojituma kinapata, kilicholala kinasubiri. Na kusubiri zama zile tulikuwa tunajua maana yake: wafadhili wakiondoka, imetoka hiyo.

Sasa nani amejituma, nani amelala? Ndiyo ilikuwa kazi ya server yangu.

Kila kamati ya kijiji ilikuwa inaleta karatasi ya majina. Mchapaji wetu, dada Rehema, mtu wa Tanga, anayachapa kwenye kompyuta yake na kuniletea kwenye diskette. Mimi naingiza kwenye server kwa command moja, faili moja moja. IMPORT, jina la kijiji, Enter. Server inahesabu watu waliofanya kazi, inalinganisha na idadi ya kaya, inatoa ripoti. Vijiji vinapangwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, mithili ya matokeo ya mtihani.

Nikaingiza Hedaru. Imeingia. Nikaingiza vijiji vingine. Vimeingia. Nikaingiza Bombo, imeingia haraka kuliko zote, hata sikuwahi kunyanyua kikombe cha chai.

Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka, lakini nani ashtuke na server imeandika hakuna kosa?

Ripoti ikatoka. Hedaru juu kabisa. Bombo ya mwisho. Na siyo mwisho wa karibu, wakuu. Mwisho wa aibu. Kijiji kizima cha kule juu milimani, eti wamefanya kazi watu wachache ambao wangetosha kwenye benchi mbili za kanisa.

Injinia Sanga, aliyekuwa msimamizi wetu, mtu wa Njombe, mkali lakini wa haki, akachukua kalamu nyekundu akaikata Bombo.

"Hawa mabomba yao yanashuka Hedaru," akasema. "Wafadhili wanakuja wiki hii. Siwezi kuwaonyesha kijiji cha wavivu."

Niwaambie kitu. Mimi ni mtu wa Bombo.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa kule na dada yake, Mama Mkubwa Nakunda. Huyu mama alikuwa anateremka bondeni na ndoo, anapanda nayo ule mlima, akifika juu anahema mpaka huruma inakuingia. Miguu yake iliishia kwenye ile njia ya maji. Kufikia wakati ninaowasimulia alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa mkono. Ndoto yake ilikuwa moja tu, kuona maji yanatoka kwenye bomba karibu na mlango. Kila nikipata mtu wa kule ananiletea salamu zile zile: "Mwambie mwanangu, hayo mabomba yanakuja lini?"

Na sasa yamekatwa kwa kalamu nyekundu, kwa ripoti niliyoitoa mimi.

Niliumia. Lakini nilifanya kitu ambacho mafundi wengi hawafanyi mpaka leo. Sikugusa command. Nilifungua faili lenyewe nikasoma majina, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma matangazo ya misiba.

Katikati ya majina nikamkuta: Nakunda.

Nikarudia kusoma. Jina la baba yake, jina la kitongoji, ni yeye. Kwa mujibu wa server, Mama Mkubwa wangu, mtu asiyeweza kufika mlangoni, ameshika sururu akachimba mtaro!

Nilicheka peke yangu hadi Rehema akaniuliza nimepatwa na nini.

Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilielewa papo hapo.

Kwa wasiojua, kule kwetu kuna kitu kinaitwa msaragambo. Ni kazi ya wote. Baragumu inapigwa alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kutengeneza barabara, au mfereji, au ndiva. Haina mjadala. Sasa jiulize, kama kijiji kizima kimekuja, kuna haja gani ya kuandika kijiji kizima? Utaandika mpaka jua lizame. Katibu wa msaragambo anaandika nyumba ambazo hazikuleta mtu. Basi. Hao ndio wa kufuatwa nyumbani na kupigwa faini.

Tulipowaomba Bombo majina ya kazi ya mtaro, walileta majina kama walivyozoea tangu zamani. Walileta watoro!

Hedaru pale barabarani kuna watu wa kila mahali, wafanyabiashara, madereva, waliotoka kwenye mkonge. Si wote wanaojitokeza kazini, kwa hiyo kamati yao iliandika waliokuja. Server ikachukua waliokuja wa Hedaru na wasiokuja wa Bombo, ikawaweka kapu moja, ikajisifu hakuna kosa.

Nikaenda kwa Injinia mbio.

"Injinia, ripoti imesimama kichwa chini miguu juu. Haya majina ya Bombo ni ya ambao hawakufika."

Akaniangalia. "Kwa hiyo unataka niamini kwamba ambao hawakuandikwa ndio waliofanya kazi?"

"Ndiyo."

"Na wewe kwenu ni wapi?"

Ah! Hapo alinishika pabaya. Nikamjibu ni Bombo. Akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyemaliza kesi.

"Injinia," nikamwambia, "usiniamini mimi. Mtaro haujui mtu kwao ni wapi. Twende tukauone."

Akachukua funguo za Land Rover.

Safari ya kupanda Bombo enzi zile we acha tu. Kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hutaki kutazama. Injinia ameshika usukani kwa mikono miwili njia nzima. Na mimi sikuwa na wasiwasi hata chembe, maana nawajua watu wangu.

Tulipofika, mtaro ulikuwepo. Wakuu, mtaro ulikuwepo! Umetoka kwenye chanzo kule msituni, umezunguka mwamba, umekatiza migombani, mpaka kijijini. Kina kinachotakiwa, kingo zimenyooka. Wamemaliza, wamekaa wanasubiri mabomba. Injinia aliutembea kwa miguu sehemu ndefu tu, anashuka ndani anapima na rula yake, anapanda, anashuka tena. Aliporudi suruali yake ilikuwa nyekundu kwa udongo.

Tukamkuta katibu wa msaragambo, Mzee Elirehema, anapalilia kahawa yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Mabomba yako wapi?"

Injinia akamuuliza kuhusu yale majina. Mzee akashangaa kweli kweli.

"Sasa mheshimiwa, ningeandika waliokuja ili iweje? Waliokuja si wamekuja?"

Injinia akacheka. Mara ya kwanza namwona anacheka tangu nianze kazi. Na mimi hapo nimevimba kichwa, nasimama kama wakili aliyeshinda kesi. Nikaona nimalizie kwa mbwembwe.

"Injinia, nilijua tangu mwanzo," nikasema. "Nilimwona humo Mama Mkubwa wangu ambaye ni mgonjwa. Nikajua huyu hawezi kuwa amechimba."

Injinia akakunja uso. Yule bwana alikuwa na akili, hapitwi na kitu. Akamgeukia katibu.

"Lakini mzee, mnapigaje faini mtu mgonjwa wa kitandani? Hiyo siyo haki."

Mzee Elirehema akaegemea jembe lake. Akaniangalia mimi, siyo Injinia.

"Mgonjwa hatumwandiki, mheshimiwa. Wajane hatuwaandiki, wazee hatuwaandiki. Tunaandika nyumba yenye mtu mwenye nguvu ambaye hakuja." Akakung'uta udongo kwenye jembe. "Nyumba ya Nakunda ina kijana. Tumeambiwa anakaa Same, anafanya kazi kwenye kiti."

Dah!

Nilitamani ardhi ipasuke. Ule mtaro wote niliokuwa najisifia mbele ya bosi, sikuwa nimechimba hata unene wa kiganja. Jina la Mama Mkubwa lilikuwa mle kwa ajili yangu. Yeye ndiye aliyenilea kwa ndoo ya kichwani, halafu kijiji kinamwandika na watoro kwa sababu yangu, na yeye salamu zote alizonitumia hajawahi kunitajia hilo hata siku moja.

Injinia alikohoa, akageuka kuangalia kahawa. Alinistahi, namshukuru hadi leo.

Nilikwenda kumsalimia Mama Mkubwa kabla hatujashuka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanishika mkono, akasema, "Ungeacha kazi yako uje? Kazi zenyewe siku hizi zimekuwa za shida. Mimi faini naiweza." Faini aliilipa kwa maharage ya akiba yake. Nililia, wakuu, na sioni aibu kuandika hapa.

Tuliporudi ofisini nilifanya kazi kama inavyotakiwa. Mafaili mawili, siyo moja. Kwanza niliingiza orodha ya kaya zote za Bombo zinazotakiwa kutoa mtu. Kisha nikatengeneza sehemu mpya kwenye server, nikaita WASIOFIKA, nikaingiza faili la katibu humo. Ripoti ikawa inachukua kaya zote, inaondoa waliotakiwa kuja wasije, wanaobaki ndio waliochimba. Siyo uchawi, ni hesabu ya kutoa tu ya darasa la pili.

Kabla sijagonga Enter, Injinia aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema taratibu, "Ukitaka kuliondoa lile jina moja, halitabadilisha kitu kwenye ripoti."

Nikamwambia hapana. Libaki.

Bombo ikapanda mpaka juu kabisa. Kalamu nyekundu ikafutwa. Wafadhili walipokuja walipelekwa kule kule, na mabomba yakapanda mlima.

Sasa kijana wa ule uzi mwingine, hili ndilo nililotaka kukwambia. Server inakujulisha kama faili limeingia. Haikujulishi kama faili lina maana unayoidhani. Hiyo ni kazi yako. Kabla hujabadilisha command, kabla hujalaumu version, fungua faili usome, halafu nenda kamuulize aliyeliandika: bwana, hapa ulikuwa unaandika nini? Nimefanya kazi hii miaka mingi baada ya pale, nimeona server za kila aina, na bado ndivyo ninavyoanza.

Wenye visa kama hivi leteni, hasa mliowahi kupewa ripoti safi ambayo ni uongo mtupu. Na Wapare mliomo humu mnaotaka kunikosoa kuhusu msaragambo, karibuni, najua hamuwezi kunyamaza.

Kuna watakaouliza ikawaje baadaye. Mabomba yaliposhushwa pale lori liliposhindwa kupanda, baragumu ilipigwa. Niliomba ruhusa, nikapanda kwa miguu, nikabeba bomba begani na wenzangu mpaka ngozi ikachubuka.

Baada ya hapo Rehema akaniletea diskette mpya ya Bombo, ya watoro wa msaragambo wa mabomba. Kabla ya IMPORT nililifungua faili, nikasoma majina yote mpaka la mwisho.

Mama Mkubwa hakuwemo.

Nikagonga Enter.