Vijumba Vitano vya Kilimani

Jamani, leo nimeandikisha mizimu ihamie kijiji cha Ujamaa.

Nilipanda kilima cha matambiko, huko njia ya Nzega, kuorodhesha nyumba za kubomolewa. Nikaona vijumba vitano vya nyasi. Nikaviandika vyote.

Bibi anayevitunza akacheka. "Karani, hao ni mababu. Lori lenu litawapakia wapi?"

Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa wafute."

Orodha ya serikali haifutwi hovyo, na wabomoaji wanakuja kesho! Hata hivyo, nikavikata vyote kwa wino. Pembeni nikaandika sababu: "Wenyewe wamekataa kuhama." Nikatia sahihi.

Bwana mkubwa ataisoma asubuhi, kabla lori halijaondoka.

Nyinyi mngeandika nini? Nijibuni upesi, kabla hakujakucha.