Mdakaji wa Kiwanda cha Sukari

Katika ligi ya besiboli ya viwanda vya sukari, pale San Pedro de Macorís, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka. Eligio, mrushaji wake, alimwogopa kuliko wapinzani. Vidole vya mdakaji huyo vilipinda kama tangawizi, na mdomo wake haukujua likizo. Kila mpigaji alisalimiwa: “Kaka, suruali hiyo umeipiga pasi au umeilalia?” Jamaa alipojitazama magoti, mpira ulikuwa umeshapita.

Siku ya fainali, ikiwa amebaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa, mpira ulimgonga mdakaji mkono wa kulia, kidole cha kati kikageukia upande. Kocha wao akaja mbio, uso ukimng'aa. “Si nilisema mwanamke ataumia? Toka, mama, ukapumzike.” Yeye akakishika kidole, akakivuta mpaka kikalia ko. Eligio akatapika palepale.

“Kocha,” mdakaji akasema, “anayetapika ni mwanamume. Mtoe huyo.”

Uwanja ukaangua kicheko. Akachuchumaa tena, na Eligio, alipoona machozi yakimtiririka chini ya kinga ya uso, akamrushia taratibu kwa huruma. Mpira ukarudishwa kwa mkono uleule ulioumia, ukamtandika kifuani.

“Nani kakutuma mayai? Rusha mpira, mjinga wewe!”

Eligio akarusha ya moto, mpigaji akapiga hewa mara tatu, kombe likawa lao. Kocha alipokuja kumpongeza, mdakaji alimpa mkono wa kushoto, na hakuomba radhi.